Mbolea ya maharage: ipi, kiasi gani, na utajuaje kama imelipa

Msimu wa kupanda maharage ukikaribia, maswali ni yaleyale. "Maharage si yanajitengenezea mbolea yenyewe, ya nini kununua?" "Nimeweka urea, majani yakapendeza mno, mbona sikuvuna kitu?" "Jirani kaweka DAP akapata, mimi nimeweka ileile sijaona tofauti." Mwongozo huu unajibu hayo matatu kwa vitendo. Nimemlenga mkulima wa ekari moja au mbili anayelima maharage ya kawaida, kama Njano Uyole, Jesca au Lyamungo 90, kwenye udongo mwekundu wa Mbeya, Songwe, Njombe, Lushoto, Kagera au pengine palipofanana na huko. Soya na karanga nimezigusa kwa kifupi baada ya hatua.

Kuna jambo moja la kushika kabla hujatoa hela mfukoni. Kwenye mizizi ya maharage kuna vinundu, na ndani ya vinundu wanaishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Ndiyo maana watu husema maharage yanajitengenezea mbolea. Ni kweli, lakini nusunusu. Soya hupata karibu theluthi mbili ya nitrojeni yake kwa njia hiyo, maharage hupata asilimia 40 hivi tu. Na hata bakteria hao hawawezi kuutengenezea mmea fosforasi. Fosforasi inatoka ardhini au kwenye mfuko wa mbolea, basi. Ikipungua, vinundu vyenyewe vinakuwa vichache na vidogo, kwa hiyo mmea unakosa fosforasi na nitrojeni kwa pamoja. Kwenye maharage, shilingi ya kwanza ya mbolea iende kwenye fosforasi.

Vitu vya kuandaa

- Majibu ya kipimo cha udongo, au angalau pH yake (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi)
- Mbolea ya kupandia (tutaichagua hatua ya 3)
- Chokaa ya kilimo, kama udongo una tindikali
- Samadi iliyooza vizuri, kadiri utakavyoipata
- Mbegu bora, kilo 30 hadi 40 kwa ekari kutegemea ukubwa wa punje
- Kamba mbili: moja ndefu ya kunyoosha mistari, nyingine ya mita 4 kamili
- Kifuniko cha soda
- Vigingi 16 na mzani wa kupimia mavuno, hata wa kuazima

Hatua ya 1: Jua udongo wako

Chukua udongo miezi miwili kabla ya kupanda, majibu yakuwahi. Tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, chimba sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, chota kidogo kila sehemu. Ruka penye kichuguu, palipokuwa zizi, palipochomwa takataka na kandokando ya njia, kwa sababu hapo udongo hauwakilishi shamba. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, funga nusu kilo na uandike jina la shamba. Maabara za udongo zipo kwenye vituo vya taasisi ya utafiti wa kilimo (TARI): TARI Mlingano kule Tanga, TARI Uyole hapo Mbeya, na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro. Afisa ugani wa kata atakuelekeza iliyo karibu, na wengine wana kipimo cha mkononi cha pH.

Usichukue udongo kwa ndoo uliyokuwa unachanganyia mbolea. Majibu yatakuja mazuri kuliko shamba lenyewe.

Hatua ya 2: Ondoa tindikali kwanza

Hatua hii wengi huiruka, na hapa ndipo lilipo jibu la "jirani kapata mimi sijapata". pH ikiwa chini ya 5.5, madini ya alumini yanayeyuka na kudumaza mizizi, na chuma na alumini vinaikamata fosforasi uliyoinunua kabla mmea haujaifikia. Unaweka mfuko mzima wa DAP na mmea unaambulia kidogo sana. Bakteria wa vinundu nao hawaipendi tindikali, na molibdenamu wanayoihitaji ili kufanya kazi yao inakuwa ngumu kupatikana.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Kiasi kinatokana na kipimo, lakini mashamba mengi ya namna hii huhitaji kilo 400 hadi 800 kwa ekari. Mwaga sawasawa, lima ichanganyike na udongo hadi sentimita 15, na uifanye kazi hii wiki nne au zaidi kabla ya kupanda. Ikibaki juu juu haifanyi kitu. Usiichanganye na DAP wala kuviweka siku moja, kwani chokaa huifanya nitrojeni ya DAP ipotee hewani kama gesi.

Mfuko wa chokaa ni mzito na usafiri wake ni ghali, najua. Kama hela haitoshi kwa shamba lote, bora uweke chokaa robo ekari na kuilima vizuri kuliko kunyunyiza kidogo kidogo ekari nzima. Chokaa hudumu misimu kadhaa, kwa hiyo mwaka hadi mwaka utamaliza shamba.

Hatua ya 3: Chagua mbolea

DAP ina nitrojeni asilimia 18 na fosfeti (namna fosforasi inavyopimwa kwenye mfuko) asilimia 46. Mfuko wa kilo 50 unakupa kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Ile nitrojeni kidogo inausaidia mche wiki tatu za mwanzo, vinundu vikiwa havijaanza kazi. Kwa mashamba mengi hii inatosha.

TSP ina fosfeti ileile asilimia 46, bila nitrojeni. Inafaa shamba lenye rutuba au lililowekwa samadi nyingi.

Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, ikiwa ya unga ina fosfeti asilimia 28 hadi 30. Hii inataka udongo wenye tindikali ili iyeyuke, na kwa udongo wa namna hiyo ni nzuri na inaacha akiba ya msimu unaofuata. Utahitaji kilo 80 kwa ekari kupata fosfeti sawa na ya mfuko mmoja wa DAP. Kwenye udongo wenye magadi usiiguse. Na ukiitumia, usiweke chokaa nyingi msimu huohuo, maana utakuwa umeondoa tindikali inayoiyeyusha.

NPK 17:17:17 (nitrojeni, fosfeti na potasiamu, kila kimoja 17) si mbaya, lakini wengi wanaibadilisha na DAP mfuko kwa mfuko. Mfuko wa kilo 50 una kilo 8.5 tu za fosfeti. Ili ufikie kilo 23 unahitaji karibu mifuko mitatu, na hapo utakuwa umeweka nitrojeni kupita mahitaji. Inunue tu kama kipimo kimeonyesha udongo hauna potasiamu.

Urea haina fosforasi hata chembe. Kwa kupandia maharage usiinunue.

Nunua mfuko uliofungwa na kushonwa kiwandani, kwa muuzaji mwenye leseni ya TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, na udai risiti. Kama umejiandikisha kwenye ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, kumbuka kuhuisha taarifa zako mapema. Mbolea ya kupandia ikifika baada ya maharage kuota haina kazi tena, fosforasi haitembei udongoni kuifuata mizizi.

Hatua ya 4: Pima kiasi

Kiasi cha kuanzia ni mfuko mmoja wa DAP au TSP kwa ekari. Ekari ni mita za mraba 4,047, karibu mita 70 kwa 58. Ile "hatua 70 kwa 70" ya mtaani inakaribia kweli kama hatua zako ni fupi; ukipiga za mita moja nzima utakuwa umepima ekari moja na robo, na mbolea itakuishia njiani.

Panda kwa mistari ya sentimita 50. Ekari moja itakuwa na mita 8,000 hivi za mistari, kwa hiyo mfuko mmoja ni gramu 6 na kitu kwa kila mita. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa hubeba gramu 5 hivi za DAP. Usiniamini mimi, nenda dukani na kifuniko chako, pima vifuniko 20 kwenye mzani, vikitoa gramu 100 uko sawa. Kipimo chako basi ni vifuniko 5 kwa kila mita 4 za mfereji. Ile kamba ya mita 4 ndiyo kazi yake hapa. Ilaze kwenye mfereji, mwaga vifuniko vitano taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, sogea mbele. Ukishafanya mistari kadhaa, mkono unazoea.

Hatua ya 5: Tenga vipande vya majaribio

Tafadhali usiiruke. Hakuna mtaalamu anayeweza kukuambia ukiwa mbali kwamba shamba lako litaitikia mbolea. Mradi wa N2Africa, uliofanya kazi ya mikunde katika nchi nyingi za Afrika kuanzia 2009, Tanzania ikiwemo, ulikuta jambo hili mara kwa mara: mbolea ileile inaongeza mavuno vizuri shamba hili, na shamba la jirani haionekani kufanya kitu. Vipande vinne vidogo vitakujibu kuhusu shamba lako mwenyewe.

Chagua sehemu moja iliyo tambarare na yenye udongo unaofanana. Piga vigingi vipande vinne, kila kimoja mita 5 kwa mita 4, yaani mistari 8 ya mita 5. Acha njia ya mita 1 kati yake.

- Kipande A: bila mbolea yoyote
- Kipande B: TSP, gramu 250
- Kipande C: DAP, gramu 250
- Kipande D: DAP gramu 250 na samadi ndoo mbili kubwa zilizogawanywa kwenye mifereji yote

Mbegu iwe ileile, siku ya kupanda iwe moja, palizi iwe pamoja. Ukimpendelea D kwa kumpalilia mapema, umeharibu jaribio lote.

Hatua ya 6: Weka mbolea na upande

Subiri mvua ilowanishe udongo vizuri. Nyoosha kamba, chimba mfereji wa sentimita 8 hadi 10. Mwaga mbolea, kisha ifunike kwa udongo wa unene wa vidole vitatu. Hapo ndipo uweke mbegu: mbegu 2 kila sentimita 20, au 1 kila sentimita 10. Fukia sentimita 3 hadi 5 tu.

Ule udongo wa kati ndio unaoziokoa mbegu. DAP ikigusana na mbegu ya maharage inaiunguza. Utaona mapengo shambani na ukifukua utakuta mbegu imekuwa ya kahawia na ncha ya mzizi imekauka. Watu wengi wakiona mapengo hulaumu mbegu. Anza kwa kukagua namna mbolea ilivyowekwa.

Kutawanya mbolea juu ya shamba zima ni kulisha magugu. Fosforasi haisogei, mzizi ndio unaoifuata, kwa hiyo iweke chini ya mstari.

Kama unachanganya na mahindi, mbolea ya mahindi iende kwenye mashimo ya mahindi na ya maharage kwenye mfereji wake. Kukuzia mahindi kwa urea iliyomwagwa ovyo kati ya mistari ndiko kunakofanya maharage ya katikati yawe majani matupu.

Hatua ya 7: Ng'oa mmea, ukague vinundu

Wiki ya tano au maua yanapoanza, chagua mimea mitano kila kipande. Usiivute kwa mkono, vinundu vitabaki ardhini. Chimba kuzunguka kwa jembe, nyanyua bonge lote la udongo, liloweke kwenye ndoo ya maji hadi mizizi isafike yenyewe. Hesabu vinundu, kisha pasua vichache kwa ukucha au wembe.

Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama damu iliyochanganyika na maji, vinafanya kazi. Vyeupe ni vichanga au havifanyi kazi. Vya kijani au kahawia vimezeeka. Vimbe laini ambazo ni sehemu ya mzizi wenyewe na hazibanduki kwa ukucha si vinundu, hao ni minyoo fundo. Kinundu cha kweli kimeshika pembeni ya mzizi na kinabanduka.

Linganisha A na B. Kama B ina vinundu vingi na vikubwa zaidi, basi fosforasi ndiyo iliyokuwa inakosekana, na umelijua hilo wiki nyingi kabla ya kuvuna.

Hatua ya 8: Palizi, na swali la kukuzia

Palilia wiki ya pili au ya tatu, na tena kabla ya maua. Usiingie shambani majani yakiwa na umande au mvua, unabeba magonjwa kutoka mmea hadi mmea, na maua yakishatoka acha jembe.

Maharage hayahitaji mbolea ya kukuzia kama kawaida. Ukiyapa nitrojeni nyingi, mmea unaacha kulisha bakteria, vinundu vinapungua, majani yanastawi, kivuli kinakuwa kizito, magonjwa ya majani yanaingia na maganda yanakuwa machache. Ndiyo hadithi ya urea na majani mazuri.

Kuna hali moja tu ninayoikubali: wiki ya tatu au ya nne majani yote yamepauka, umechimba na hukuti vinundu vya waridi, na udongo una unyevu. Hapo weka CAN (mbolea ya nitrojeni) kilo 25 kwa ekari kandokando ya mistari, fukia, na ukubali kwamba msimu huu unanunua nitrojeni. Maua yakishafunguka, usihangaike.

Hatua ya 9: Vuna, pima, piga hesabu

Kwenye kila kipande, vuna mistari minne ya katikati peke yake. Mistari minne kwa mita 5 ni mita za mraba 10. Piga, pepeta, anika hadi punje ziwe kavu za kuuma meno, kisha pima. Kila kilo 1 ya kipande ni sawa na kilo 400 kwa ekari.

Tuseme A imetoa kilo 0.8 na C kilo 1.3. Tofauti ni nusu kilo, yaani kilo 200 kwa ekari. Sasa gawanya gharama ya mbolea (pamoja na nauli na kibarua cha kuiweka) kwa bei ya kilo moja ya maharage wakati wa mavuno, si bei ya Januari yalipoadimika. Kama gharama ni shilingi 90,000 na kilo ni shilingi 1,800, kilo 50 za ziada zinarudisha hela yako. Mimi hushauri faida ianze kuhesabiwa pale ziada inapofika mara mbili ya hapo, maana mvua hukatika na bei hushuka.

Soma vipande hivi: B na C zikikaribiana na zote zikaizidi A, msimu ujao nunua iliyo nafuu kati ya TSP na DAP. C ikiizidi B kwa wazi, udongo wako unahitaji ile nitrojeni ya mwanzo. D peke yake ikipanda na nyingine zote zikalingana na A, shamba limechoka. Mbolea ya mfuko haitafanya kazi hapo hadi urudishe samadi, mboji na chokaa. Zote nne zikilingana na mavuno ni mazuri, ardhi bado ina akiba, punguza mbolea hadi nusu mfuko.

Halafu kuna hili, ambalo kwa maoni yangu linatugharimu kuliko bei ya mbolea. Tunang'oa maharage mzimamzima, tunayapigia nyumbani, makapi na mashina tunayachoma. Tani moja ya punje tayari inaondoka na kilo 35 hivi za nitrojeni na kilo 4 hadi 5 za fosforasi. Potasiamu nyingi imo kwenye yale mashina na maganda. Ukiyachoma uani miaka kumi, utaanza kununua potasiamu ambayo ilikuwa yako. Pigia maharage shambani kwenye turubai, au rudisha makapi kwenye shamba hilohilo. Ukiyalisha ng'ombe, samadi yake irudi hapo.

Soya na karanga

Soya mara nyingi haipati bakteria wake kwenye udongo ambao haijawahi kulimwa. Nunua chanjo ya soya, yaani bakteria hao wa kupaka, ipakae kwenye mbegu kivulini siku ileile ya kupanda, na usiipitishe juani wala usiichanganye na mbolea. Chanjo bila fosforasi huleta kidogo; vikienda pamoja ndipo utaona kazi. Chanjo ya soya haifai kwa maharage.

Karanga inataka kalsiamu pale maganda yanapojazia, maana ganda hunyonya kalsiamu lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Ukivuna maganda makubwa yaliyo matupu, tatizo mara nyingi ni hilo. Weka jasi juu ya mstari wakati wa maua.

Matatizo na majibu yake

*Majani ya chini yanageuka njano kwanza, ya juu bado mabichi.* Ni nitrojeni. Kagua vinundu kabla ya kununua chochote.

*Majani machanga ya juu ndiyo ya njano.* Huenda ni salfa, hasa mashamba ya mchanga yasiyowekwa samadi. Yakiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, fikiria chuma au zinki, na angalia kama pH haiko juu mno.

*Mimea imedumaa, kijani kibichi kizito, maua yamechelewa.* Ni upungufu wa fosforasi. Msimu huu umechelewa. Panga hatua ya 2 na ya 3 kwa msimu ujao.

*Kingo za majani ya zamani zimeungua.* Potasiamu. Kama kipimo kinaunga mkono, weka MOP (mbolea ya potasiamu) kilo 25 kwa ekari wakati wa kupanda, nayo isiguse mbegu.

*Miche inanyauka na kufa wiki ya pili au ya tatu.* Pasua shina karibu na udongo. Ukikuta limevimba, limepasuka na lina funza wadogo, ni funza wa maharage, na mbolea haiwatibu. Mbegu iliyowekewa dawa ndiyo kinga, na kupandishia udongo kwenye shina husaidia mmea uote mizizi mipya.

*Njano imetokea kwenye bonde tu.* Maji yametuama na vinundu havipati hewa. Chimba mfereji wa kutoa maji, usiongeze mbolea.

*Mbolea imeganda kuwa mabonge.* Ilipata unyevu. DAP iliyoganda bado ina fosforasi yake. Ivunjevunje hadi iwe chembe na upime upya kwa mzani, kwa sababu kile kifuniko cha soda hakitabeba uzito uleule.